Maiti Aliyegoma Getini

Maiti alikuwa ndani ya jeneza, jeneza lilikuwa ndani ya gari, na gari lilikuwa limezimika mbele ya geti la kiwanda cha shaba, kwenye njia ya makaburi.

Inspekta Mujinga aliposhuka kwenye pikipiki na askari wake, Kiki, waombolezaji walikuwa wamekwisha kumzunguka ajuza aliyeketi mavumbini. Huyo ndiye Kaku Edith, bibi aliyemlea marehemu Guelor tangu utotoni. Fils, kijana wa mtaani kwao huko Kenya, komuni moja ya mjini, alikuwa ameshika bidoni, dumu la petroli.

"Weka chini hiyo bidoni."

"Mama Inspekta, Guelor anakatala kuenda! Maiti ikikatala, inaonyesha muloji wake, ule muchawi alimuua. Njo huyu!"

"Guelor amekuambia mwenyewe?"

"Gari iko nasema pa nafasi yake. Tumesukuma, tumeomba Mungu, wapi!"

Mujinga aliwahi kuitwa kwenye kisa kama hiki akafika mshukiwa wa uchawi amekwisha kuwa majivu. Hakukusudia kuchelewa mara ya pili. Alimsimamisha Kiki kando ya ajuza, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Nitalihoji hili gari. Likimtaja mzee huyu, nitamfunga pingu mimi mwenyewe. Lisipomtaja, nitajua nani wa kumfunga."

Baadhi wakacheka. Fils hakucheka, wala bidoni hakuiweka.

Mafundi wa kando ya barabara walikuwa wameingiza vichwa vyao kwenye injini.

"Batri?"

"Iko bien, mama. Taa inawaka, honi inalia. Tumegonga démarreur na nyundo. Bubu!"

"Mkiwasha, taa zinafifia?"

"Hata kidogo."

Batri iliyochoka hufifisha taa. Démarreur, mota ya kuwashia injini, ikikwama hutoa angalau mlio. Hapa taa zilikuwa kali na kimya kilikuwa kamili. Umeme ulikuwa unakatika njiani, kabla ya kufika.

Akamgeukia dereva, Symphorien, mwanamume mwenye suti nyeusi na jasho jingi.

"Linagoma kila siku?"

"Hapana, mama. Leo inakubali, kesho inakatala. Ni mupepo."

"Juzi ulimbeba nani?"

"Mama moja wa kuuza bitenge."

"Liligoma?"

"Hapana."

"Na kabla yake?"

Fils, kwa kiherehere chake, akamjibia:

"Muntu wa kiwanda! Gari ilizima hapa hapa. Na ule wa mbele yake, wa kiwanda vile vile, sawa na Guelor. Wafu wa kiwanda njo bako na roho nguvu, mama!"

Mujinga akalitazama geti. Walinzi wawili walikuwa wakitazama kupitia vyuma.

"Nipe ufunguo," akamwambia dereva.

"Hautoke, mama. Umekwama."

Hapo Mujinga akafungua mlango, akaketi kwenye usukani. Lilikuwa gari la Kijapani, la otomatiki. Gari la namna hiyo haliachii ufunguo mpaka mkono wa gia urudi kwenye P, ya kuegesha. Ukiwa kwenye D, ya kwendea, hata uzungushe ufunguo mpaka kesho, injini haingurumi. Juu ya mkono huo palikuwa na kofia ya dereva. Akaiinua.

D.

Mafundi wote walitafuta ugonjwa mbele. Nani angeinua kofia ya mtu aliye msibani?

Akarudisha mkono kwenye P, akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma papo hapo. Wanawake wakapiga vigelegele, mwanamume mmoja akakimbia. Akazima, akaweka D: kimya. Akaweka P: ikanguruma.

"Guelor anakubali, Guelor anakataa. Fils, njoo umkatalishe na wewe."

Fils akaketi, akajaribu, akajaribu tena. Aliposhuka hakuweza kumtazama Kaku Edith. Aliimwaga petroli mtaroni bila kuambiwa.

"Symphorien," Mujinga alisema. "Kwa nini hapa?"

"Mama, nihurumie."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Clément, mudogo yangu, alisafisha matangi ya asidi humu ndani, bila maski. Akakohoa damu mupaka akaisha. Mie njo nilimubeba na hii gari. Tukapita hapa mbio, hata mulinzi hakuangalia. Daktari yabo akasema malaria. Kila muntu wa matangi, hata Guelor, malaria! Nikasema, kuanzia leo maiti yabo haitapita mbio. Itasimama. Bamuangalie!"

"Na mzee huyu?"

Dereva akapiga magoti mbele ya Kaku.

"Nilizani bantu batauliza geti. Bakauliza mubibi. Nikaona bidoni, nikaogopa kusema."

Mujinga alikasirika, na si kwa dereva peke yake. Tangu enzi za Wabelgiji, mfanyakazi akiuawa na kazi, mwuaji hutafutwa nyumbani kwake: kwenye chungu cha mkewe, kwenye kinywa cha bibi yake. Kampuni hubadilisha jina na rangi ya geti, na ajuza ni yule yule mavumbini.

"Utashtakiwa kwa kuhatarisha uhai wa mtu," alimwambia Symphorien. "Lakini kwanza utaendesha."

Akampigia simu mwendesha mashtaka wa parquet, ofisi ya mashtaka, akaomba amri ya uchunguzi wa maiti. Akaipata. Kisha akachuchumaa mbele ya ajuza.

"Kaku, wale wengine tumekwisha kuwazika. Huyu bado tuko naye. Madaktari wa serikali watamfungua. Unasemaje?"

Kaku Edith alijifuta mavumbi usoni.

"Sikumulea Guelor anyamaze mbele ya bakubwa. Mumupeleke akaseme."

Geti likafunguliwa. Akatoka msimamizi mwenye shati jeupe, akashangaa kuona gari linageuzwa.

"Madame, makaburi iko ule upande."

"Hatuziki leo. Kuna shahidi tunampeleka hospitali. Na wote waliosafisha matangi, walio hai, nitataka kuwaona. Kesho asubuhi."

"Lakini, Madame, muntu huyu alikuwa na malaria..."

"Basi huna cha kuogopa."

Fils alimsaidia Kaku Edith kupanda kiti cha mbele. Gari likaanza kwenda polepole kuelekea mjini, na waombolezaji nyuma yake kwa miguu, wakiimba. Walinzi wawili nao wakajiunga, geti wameliacha wazi.