Nati Iliyokataa Vidole

Kila alipotoka shule, Chiriku alitundika sare yake kwenye msumari nyuma ya mlango, akavaa ovaroli kuukuu ya shangazi yake, miguu ya suruali ameikunja hadi vifundoni, akaenda uani. Jina la Chiriku alipewa na shangazi huyohuyo, kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko. Shangazi alikuwa fundi wa magari, na ua ule ndio uliokuwa gereji yake. Wateja wageni waliuliza, "Fundi yuko wapi?" Naye akawajibu, "Si huyu hapa? Au mlizoea mwenye ndevu?"

Gereji ile ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: vidole kwanza, spana baadaye. Nati huanzwa kwa vidole, na ikikataa ina sababu yake. Ya pili: aliyefunga kitu ndiye anayekijaribu wa kwanza, mbele ya mwenye gari.

Siku moja pikapu ya shule ililetwa ifungwe ngazi za pembeni, vile vibao virefu vya chuma vinavyokaa chini ya milango ili mtu apate pa kukanyaga. Gari lilikuwa refu kwenda juu, na Mama Mpishi, aliyelipanda kila asubuhi kwenda sokoni, alikuwa mnene na goti lake moja lilikuwa bovu. Kila safari ilibidi abebewe kigoda. Chiriku alikuwa amekwisha kutangaza darasa zima kwamba ngazi zile atazifunga yeye kwa mikono yake.

Shangazi alifunga upande wa dereva. Upande wa pili akafunga bolti ya mbele, kisha akaitwa haraka kwenye lori lililokwama barabarani.

"Imebaki hii ya nyuma," alimwambia Chiriku. "Ona ilivyoliwa na kutu. Ipige brashi ya waya mpaka mikato ya uzi wake ionekane, utie oili, uiache inywe. Halafu nati kwa vidole. Ikikataa, usishindane nayo. Nisubiri."

"Sawa, shangazi."

Chiriku alishika brashi. Hajapiga sana, wenzake wa darasani wakaingia uani wakiongozwa na Kamanda, mvulana aliyependa kuamrisha hata walimu.

"Fundi gani huyu anasugua kama anaosha sufuria?" Kamanda akasema. "Funga basi tuone!"

Wote wakacheka. Chiriku akaona haya, na haya ile ikamfanya mjinga. Aliweka oili kidogo, hakuiacha inywe. Alijaribu nati kwa vidole, ikakataa. Basi akachukua spana na kuilazimisha. Nati ilikwenda upande, ikalia kama panya aliyebanwa, halafu ghafla ikawa nyepesi. Ilizunguka bila kushika kitu. Uzi ulikuwa umelika.

Angesema, Kamanda angelisambaza jambo lile shule nzima kabla ya jua kuzama. Alijifanya anatafuta tambara, wenzake walipogeuka akachana kipande cha mfuko wa nailoni, akakizungushia kwenye bolti na kuisukuma nati juu yake mpaka ikakwama. Kisha akapaka grisi nyingi, kisionekane kitu.

Shangazi aliporudi aliuliza, "Ilikubali vidole?"

"Ilikubali, shangazi."

"Haya, kanyaga."

Chiriku akapanda kwenye ngazi mbele ya dereva wa shule. Alikuwa mwepesi, na ngazi haikutikisika. Dereva akapiga makofi, wenzake nao wakapiga. Chiriku alicheka kwa mdomo tu.

Asubuhi iliyofuata, wanafunzi walikuwa wanafagia uwanja pikapu ilipokuwa ikijiandaa kwenda sokoni. Mama Mpishi alitoka jikoni na vikapu vyake, akaona ngazi, uso ukachanua. "Mungu awabariki mafundi wangu! Leo napanda gari kama watu."

Akaweka mguu, akajivuta. Ngazi ikainama nyuma, kukasikika mlio wa kukwaruza, na Mama Mpishi akateleza mpaka chini, akaangukia lile goti bovu. Vikapu vikabingirika uwanjani.

Halafu Kamanda akapaza sauti, "Jamani, ngazi imesalimu amri!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Dereva alimwinua Mama Mpishi. Yeye mwenyewe alijitia kucheka huku anapangusa vumbi kwenye kanga. "Mimi na ngazi hatuelewani," alisema. Kisha macho yake yakakutana na ya Chiriku. "Mwanangu, mwambie shangazi yako anisamehe. Mwili wangu huu umemharibia kazi yake nzuri."

Ufagio ulikuwa mkononi mwa Chiriku, naye akainamisha kichwa na kufagia palepale alipokwisha kufagia. Aibu ilimchoma hadi masikioni. Watu walikuwa wanamcheka mwanamke asiye na kosa, na yeye mwenye kosa anasikiliza.

Mchana, kwenye foleni ya chakula, alimwona Mama Mpishi akichechemea kutoka sufuria hadi sufuria. Alipomaliza kugawa, alijipakulia, akaitazama sahani yake, akarudisha nusu ndani ya sufuria. Chiriku akaliweka tonge chini.

Jioni pikapu ikarudi gereji na Mama Mpishi ndani yake. Kamanda na wenzake walikuja pia, maana kitu cha kuchekwa hawakikosi.

"Nisamehe, mama fundi," Mama Mpishi alianza. "Nimekuvunjia."

"Ngazi hii inabeba watu wawili," shangazi alisema kwa mshangao. "Labda chuma changu kilikuwa kibovu." Akatandika kipande cha boksi ili alale chini ya gari atazame.

"Shangazi, ngoja," Chiriku akasema. "Si chuma. Wala si Mama Mpishi. Ni mimi. Nati ilikataa vidole nikailazimisha kwa spana, uzi ukafa. Nikaweka nailoni na grisi juu. Nilikudanganya."

Hakuna aliyecheka. Chiriku alisubiri kupigwa makofi, lakini shangazi alisimama tu, akajifuta mikono.

"Mwombe radhi yeye kwanza," alisema. "Ngazi ni chuma, haina uchungu."

Chiriku akamwendea Mama Mpishi, machozi yanamtiririka. "Nisamehe, mama. Ulichekwa kwa kosa langu, na mimi nikanyamaza."

Mama Mpishi alimtazama. Ilimuuma, na hakuificha. Mwishowe akashusha pumzi. "Kumbe nimekula nusu sahani bure!" akasema, akamvuta kifuani.

Kazi ilianza upya. Shangazi alichonga uzi wa bolti upya kwa chombo chake, akatoa nati mpya. Sehemu iliyobaki alimwachia Chiriku. Alipiga brashi mpaka chuma kikang'aa, akatia oili, akakaa chini kuisubiri inywe, wenzake wote wakimtazama. Safari hii hata Kamanda hakumharakisha. Kisha Chiriku akaweka nati kwa vidole. Ikaingia taratibu, mzunguko kwa mzunguko, bila kulia.

"Nani anajaribu?" dereva akauliza.

"Mimi," Chiriku akajibu, "lakini mimi ni mwepesi. Ndiyo maana jana haikufichua kosa langu. Pandeni pamoja nami."

Shangazi na dereva wakapanda naye, wakarukaruka. Ngazi ikatulia. Kisha Mama Mpishi akaweka mguu, akasita, akajivuta. Akakaa kitini na kuvuta mlango.

Shangazi akamgeukia Chiriku, na kwa kuwa wenzake walikuwepo, alisema wote wasikie. "Kutu si aibu. Kila chuma kinachokaa kwenye matope hupata kutu, na kila fundi huharibu. Kutu husuguliwa, kosa husemwa. Ukilipaka grisi, lipo palepale linasubiri, na atakayeanguka ni mwingine."

Kesho yake, kwenye foleni ya chakula, mwanafunzi mmoja mdogo alianza, "Ngazi imesalimu—"

"Ngazi niliifunga vibaya mimi," Chiriku alimkatiza, kwa sauti iliyofika hadi jikoni. Masikio yalimwaka moto, lakini alibaki kwenye foleni, kichwa juu.

Mama Mpishi alimwekea upawa wa kwanza, akamwongezea wa pili. Sahani yake mwenyewe, pembeni ya jiko, ilikuwa imejaa.