Fimbo Isiyoingia Ardhini

Kila likizo Nasiba alifuatana na baba yake, Kasimu, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Beni. Jenereta yao ilifungwa nyuma ya kamioneti, gari lao dogo la mizigo. Walipofika kazini, Nasiba alipigilia fimbo ndefu ya shaba ardhini na kuiunganisha na jenereta kwa waya. Umeme ukivuja kwenye vyuma, waya ule huupeleka ardhini usimpige mtu.

Mwaka 2001, wakati wa vita, waliitwa Butembo. Familia zilizokimbia vijiji vya Lubero ziliishi katika uwanja wa shule. Mguu wa chuma wa tangi lao la maji ulikuwa umevunjika, na kwa siku nne walichota maji bondeni, walikopita askari.

Nasiba alianza kupiga nyundo. Mawe! Akahamia pembeni, mawe tena. Fimbo iliingia kiasi cha kiganja tu, na watoto waliokuwa wakimtazama wakacheka.

"Nasiba, iko tayari?" baba yake aliuliza.

"Ndiyo, Papa," alijibu, akiangalia chini.

Kasimu akawasha jenereta. Mama mmoja akasema, "Muone mutoto mwanamuke, anajua kazi ya bafundi!"

Sifa ile ilimchoma Nasiba. Fimbo ilikuwa imelala upande. Mara msichana wa rika lake, Élysée, akafika na bidoni, dumu la maji, peku, mikono imelowa. Alikuwa amechoka. Akanyoosha mkono ajishikize kwenye kamioneti.

"Usiguse!" Nasiba alipiga kelele. "Papa, zima mashine!"

"Kuna nini?"

Nasiba aliionyesha fimbo iliyolala. "Fimbo haikuingia. Nilikudanganya, Papa. Niliona haya."

Kabla ya kuzima, Kasimu aligusa ubavu wa gari kwa bisibisi ya kupimia umeme. Kitaa chake kikawaka. Élysée akarudi nyuma hatua tatu.

Jenereta ilipozimwa, Kasimu alikuta waya mmoja umesagika kwenye bati kwa mitikisiko ya barabarani. Akaubadilisha. "Lakini fimbo tutaiweka wapi?"

"Nyuma ya darasa, fasi tunaogea," Élysée alisema. "Kule udongo hapana kukauka."

Kamioneti ikasogezwa huko, na wanaume wakaubeba ule mguu wa tangi. Nasiba na Élysée walipokezana nyundo mpaka fimbo ikazama karibu yote. Kasimu akawasha jenereta, akapima tena. Kitaa hakikuwaka, naye akauchomelea ule mguu.

Ilipofika saa tisa, tangi lilikuwa limesimama na maji ya mfereji kutoka kilimani yakilijaza. Bomba lilipofunguliwa, uwanja mzima ulilipuka kwa vigelegele. Bibi mmoja alinawa uso mara tatu, huku akicheka.

Kasimu alimwita binti yake mbele ya watu. "Mimi nikichomelea vibaya, kila mutu ataona. Lakini fimbo iko ndani ya udongo. Wewe peke yako unajua kama umeiweka vizuri. Ukidanganya pale, mutu anaweza kufa. Siku nyingine ukishindwa, sema mara moja, hata kama batu banacheka. Leo ulisema kwa wakati, na batu bote hawa wako wazima. Donc basi, kesho fimbo ni kazi yako tena."

Nasiba akainua uso. Élysée alimshika mkono, akamvuta mbio mpaka chini ya bomba, wakalowa wote wawili.