Usilitamke Sawasawa

Jua lilikuwa linazama nilipopanda bodaboda Lunga Lunga. Mwanangu Muange, ambaye hajaanza hata kutambaa, alikuwa mgongoni. Mkononi nilishika unga wa wimbi wa dada yangu Nzisa, aliyekuwa amejifungua. Kijiji chao alikuwa ameniandikia kwenye simu: Mwaphidzo.

Mimi ni mtu wa haya. Niliwahi kukosea jina la mahali kule Ukunda, stendi nzima ikanicheka. "Mkamba huyo, hata aendako hakujui!" Kwa hiyo safari hii nilijifunza. Jirani yangu Hanifa, Mdigo, alinionyesha namna ya kuitoa hiyo ph, wala hakuniuliza ni ya nini.

"Usibane midomo, mwenzangu. Puliza tu, kama unayepoza uji wa mtoto."

Nilipuliza siku nzima.

"Wapi, mama?" aliuliza dereva, kijana aitwaye Swabir. Nikamwonyesha simu.

"Aa, Mwapizo."

Nikairudisha simu mfukoni. Nilidhani ananirahisishia mimi mgeni.

Tulipofika kwenye mikorosho, giza lilikuwa limeingia. Pikipiki ikazimika. Swabir akainama kuitengeneza.

"Usijali, mama. Mwapizo ndiyo hii inaanza."

Sijui haya yangu ilikwenda wapi. Nilitaka ajue kwamba najua.

"Ni Mwaphidzo," nikasema, kwa sauti safi.

Mikono ya Swabir ikasimama.

Nyenje wakanyamaza wote.

Kisha, ndani ya mikorosho... sauti ya mwanamke. Ya upole.

"Labeka, mwanangu."

Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ikatufikia.

"Usimjibu," Swabir alinong'ona. "Hilo ni jina lake mwenyewe. Sisi hulivunja makusudi, asije akadhani anaitwa."

"Ni nani?"

"Sijui. Babu zetu walimkuta hapa."

Majani makavu yakalia. Chwa... chwa... Hatua za mtu asiye na haraka.

"Umeniita vizuri," sauti ikasema, karibu sasa. "Siku nyingi sijaitwa hivyo. Umeniletea nani?"

Mgongoni, Muange akacheka.

Pumzi baridi ikapita shingoni mwangu.

Phhh.

Pikipiki ikawaka. Sikumbuki nilivyopanda. Kwa Nzisa nilimfungua mwanangu, nikamkagua kidole kwa kidole. Mzima. Swabir hakuzima hata injini.

"Mrudishe kwa njia nyingine," aliniambia. "Na yule mwanamke akija akakuita kwa jina lako, mama, jifanye amekosea."

Sasa tuko kwetu, mbali na mikorosho ile. Uji wa Muange huuacha upoe wenyewe. Lakini jana alilia sana kwa njaa, nikasahau. Nilipuliza kijiko.

Mara moja tu.

Muange akanyamaza. Akatabasamu, akanyoosha mikono abebwe.

Si kwangu. Alikuwa akitazama nyuma ya bega langu.