Mtandao wa Alhamisi

Fundi alipofungua rauta ya WiFi ya Sella kwenye kibanda chake cha ukarabati pale Kawangware, mende walimwagika mezani kama njugu. Mmoja alimpanda mteja mkononi, yule mama akapiga yowe. Sella, ndani ya gauni lake la maua lililopigwa pasi, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Usijali, mrembo," kijana mmoja wa shati la bluu aliyekuwa akisubiri pembeni akasema, akiwafagia kwa kitambulisho chake cha kazi. "Wanapenda joto. Hata kule kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise nawatoa."

"Unanidanganya ndio nisione aibu."

"Kidogo tu."

Sella akacheka. Ndivyo alivyomjua Muiruri, fundi wa kampuni ya mtandao.

Alikuja nyumbani kwa Sella, mtaa wa Kabiro, kumfungia rauta mpya, na ndani yake akaweka firewall, ule mlango unaochuja nani apite mtandaoni na nani azuiwe. Akarudi kuangalia nyaya. Akarudi tena, nyaya zikiwa nzima. Punde wakawa wanaitana babe.

Shida ilikuwa Alhamisi. Mtoto wake akishalala, Sella alisomea uhasibu mtandaoni, na siku hiyo darasa likianza tu, mtandao unakatika.

"Babe, imekufa tena."

"Zima, washa."

"Nimezima, nimewasha, nimechomoa kebo nikarudisha. Taa zote ni kijani lakini laptop haifungui kitu!"

"Basi nakuja, sweetie. Nibebe chips?"

Anafika akinukia marashi, anabonyeza mara mbili tatu, mtandao unarudi wanafunzi wenzake Sella wakiwa wameshaagana. Mtihani ulimpita hivyo hivyo. Alilia begani mwa Muiruri, naye akampapasa mgongo: "Pole, mpenzi. Hii mitambo ni jeuri."

Jioni ya mtihani wa marudio, Alhamisi tena, mtandao ukakatika, na Muiruri hakushika simu. Sella akapigia kampuni.

"Simu yako inapata WiFi hiyo hiyo?" dada wa huduma akauliza.

"Inapata."

"Basi laini ni nzima. Ingia kwenye settings za rauta kwa simu hiyo hiyo. Password unayo?"

Hakuwa nayo. Akajaribu jina lake mwenyewe, likakataa. Akajaribu la Muiruri. Ikafunguka.

"Kwenye firewall unaona nini?"

Sella akasoma polepole: laptop yake, izuiwe kila Alhamisi jioni.

"Hiyo imewekwa na mtu, dada. Futa."

Akafuta. Darasa likajaa kwenye kioo, mwalimu akianza kuita majina. Lakini Sella akakumbuka Alhamisi zile zote. Mabusu yale, vidole vile vya mafuta ya chips mashavuni mwake! Akachota maji, akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena.

Mlango ukagongwa.

"Babe, nimeona umenitafuta. Imepotea?"

"Uliifunga wewe."

Muiruri akacheka kicheko chembamba. "Si nilitaka tu kukuona? Ungeniita saa ngapi na masomo hayaishi? Hayo ni mapenzi, Sella."

"Nililia begani kwako, Muiruri."

"Na si nilikushika?"

"Hapo ndipo ninapotaka kutapika."

"Fungua basi. Jumapili nilikuwa nikupeleke kwa mathe, mama yangu, akujue kama bibi yangu."

Maneno hayo alikuwa ameyaota. Mkono wake ulifika hadi kwenye komeo, ukatulia hapo.

"Sella Nekesa?" mwalimu akaita. "Yuko?"

Akaondoa mkono, akaufuta kwenye leso kama ulioshika uchafu, akaketi.

"Niko, mwalimu," akasema, na kuwasha kamera.