Umeme Ulipokatika Mchana Kweupe

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika, kila mtu akitaka ahudumiwe yeye kwanza. Msichana mmoja, amevaa gauni la rangi ya machungwa alilolishona mwenyewe, alikuwa ameegemea kaunta akimkazia macho muuzaji.

"Nauliza kwa mara ya mwisho. Nikifunga sola hii, giza nimeliaga au sijaliaga?"

"Dada yangu, umeliaga kabisa! Paneli juu ya bati, waya kwenye mita, kazi kwisha."

"Kwake ndiyo kwanza kazi itaanza," sauti ilisema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, ovaroli imepauka magotini, alikuwa amesimama na ngazi begani.

"Samahani kaka, nani kakuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza. Lakini hiyo haina betri. Umeme wa nguzo ukikatika, nayo inajizima, hata jua liwe linachoma utosi."

"Mrefu, usinifukuzie wateja!" muuzaji alifoka.

Msichana alimgeukia kijana. "Nyumbani kuna mashine ya oksijeni," alisema polepole. "Mama yangu bila ile mashine hapumui sawasawa."

Utani ukamtoka kijana usoni. "Basi twende nje tuongee."

Pale kibarazani alimweleza bila kumzungusha. Kuna sola inayoegemea umeme wa nguzo. Hiyo inapunguza bili tu. Kuna inayojitegemea kwa betri. Hiyo mvua ikishika siku kadhaa inaweza kuishiwa. Na kuna ya mchanganyiko, yenye paneli, betri na umeme wa nguzo pamoja, kimoja kikilala kingine kinashika zamu.

"Kwa mgonjwa, chukua hiyo ya tatu. Na mtungi wa oksijeni ubaki karibu na kitanda kwa dharura."

"Na wewe ndiye fundi wa kuifunga, si ndiyo?"

"Ukinikubali."

"Nitakufikiria. Unaingilia sana mazungumzo ya watu."

"Na wewe ulimi wako ni sindano."

Jina likamganda hapo hapo: Sindano. Lilimfaa pia kwa kuwa alikuwa fundi cherehani, akiwashonea wateja kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama yao, alikoishi na kaka yake. Mrefu alikuja kupima paa, akarudi kulipima tena ingawa halikuwa limebadilika. Kila jioni simu ikalia.

"Sindano wangu, umekula?"

"Nimekula. Unauliza habari za chakula au za paa?"

"Paa halina sauti tamu hivyo."

Mama, kutoka chumbani na bomba la hewa puani, alikuwa akisikia yote na kutabasamu.

Siku ya kufunga, paneli zilipanda na taa ya kijani ya inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa sola, ikawaka ukutani. Betri tu ndizo hazikuwa zimefika. Mwagizaji alikuwa akimpiga Mrefu tarehe. Kabla hajafungua kinywa kulisema, Sindano alimrukia shingoni, machozi yakimlengalenga.

"Hujui umenitua mzigo gani, mpenzi. Leo nitashona bila kusikilizia mashine ya mama."

Mrefu akalimeza neno lake. Alipokuwa akitoka getini ndipo alipomwambia kaka mtu, "Betri bado. Mtungi msiurudishe hospitali mpaka zifike."

"Hamna shida, shemeji," kaka alijibu, macho kwenye simu.

Wiki ile ile, mchana kweupe, cherehani ilinyamaza katikati ya mshono. Sindano hakushtuka, sola si ipo? Akasubiri kidogo. Kisha akasikia kengele ya mashine ya mama ikilia bila kukoma. Alimkuta mama ameketi kitandani, midomo imebadilika rangi, mkono umeng'ang'ania shuka. Akainama kuvuta mtungi. Haukuwepo. Kaka alikuwa ameurudisha. Sindano alipiga yowe, jirani akaja na gari, wakambeba mama hivyo hivyo na kanga yake.

Simu ya Mrefu ilimkuta kwenye korido ya hospitali.

"Uliniambia hii haijizimi!"

"Betri hazijafika, mpenzi. Nilimwambia kaka yako..."

Sindano alimtazama kaka yake aliyeketi kwenye benchi. Kaka alitikisa kichwa. "Hakuniambia kitu."

"Umesikia? Usinipigie tena. Tena usimsingizie ndugu yangu."

Mama aliponea chupuchupu. Siku zilipita, Sindano akikosea vipimo na kuwajibu wateja kwa mkato. Mwisho kaka yake hakuvumilia. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, hakuingia.

"Aliniambia, mdogo wangu. Nilisahau, nikaurudisha. Pale hospitali niliogopa kukutazama."

Sindano aliweka mkasi mezani. Hakumtukana. Alilia mpaka kaka naye akaanza kulia, kisha akatafuta simu, akampigia Mrefu.

"Betri zimefika?" ndilo neno la kwanza alilosema.

"Zimefika. Nilikuwa sijui nizilete vipi."

Alizileta asubuhi iliyofuata. Aliunganisha nyaya na kukaza skurubu, Sindano akimwangalia, mikono kifuani. Mama, aliyekwisharudi nyumbani, alikuwa amelala akiwa na mashine yake, na mtungi mwingine kando ya kitanda.

"Kwa nini ulimwambia yeye, mimi ukanificha?" hatimaye Sindano aliuliza.

"Ulikuwa na furaha. Nikaona nikisema nitaiharibu."

"Furaha yangu nusura imuue mama."

"Najua. Kosa ni langu pia, si la kaka yako peke yake."

"Nataka mtu wa kuniambia baya kwanza. Unaweza?"

Mrefu alifuta mikono kwenye ovaroli. "Basi sikia. Betri hizi zitabeba mashine, taa na cherehani. Ukichomeka pasi umeme ukiwa umekatika, zitakwisha upesi. Na jingine: nilikwenda kumwona mama hospitali wakati wewe uko nyumbani unashona. Nikamwomba radhi. Nikamwomba na wewe, nikuoe."

Sindano aliikunjua mikono. "Akasema nini?"

"Akasema mwenye jibu ni wewe."

Kutoka chumbani mama alikohoa, kikohozi cha mtu ambaye hajalala.

Sindano hakutabasamu. Alionyesha kidole swichi kubwa ukutani. "Zima umeme wa nguzo. Nataka nione kwa macho yangu."

Mrefu akazima. Redio ya jikoni haikukatika neno. Mashine ya mama iliendelea kuvuma taratibu. Sindano alisimama mlangoni akiangalia kifua cha mama kikipanda na kushuka, akakaa hivyo kitambo, mpaka mabega yake yakashuka.

Ndipo akamgeukia.

"Haya," alisema. "Mama umekwishamwomba. Sasa niombe mimi."