Mgeni wa Nywele za Manjano

Kwetu milimani, mzazi aliyetoka kujifungua haachwi peke yake mpaka arobaini yake itimie. Taa haizimwi, na kisu hulazwa chini ya mto wake. Kaka alikuwa kazini Urusi, kwa hiyo Mama ndiye aliyelinda. Mimi nilioka mikate, nikafua nguo za mtoto, nikambembeleza wifi yangu Savsan ale.

"Kula, wifi. Unataka kaka aseme nakunyima?"

"Mdomo mchungu," alisema. Alikuwa anatetemeka, mwili unawaka, na damu yake ya uzazi ilikuwa imeanza kunuka.

Tuliogopa, na tulijua tunaogopa nini. Majani yalipopukutika mwaka jana, mzazi mmoja wa kijiji cha juu alifariki. Watu walimwona almasti akitoka nyumbani kwake, mwanamke mrefu, mweupe, nywele za manjano. Almasti ni pepo mwenye mwili baridi; humwibia mzazi ini. Akishaliosha majini, mzazi hapumui tena.

Nikapiga simu zahanati. Wakasema daktari mpya angekuja kesho.

Jioni ile ile umeme ulikatika, theluji inaanguka, tukabaki na taa ya mafuta. Mlango ukafunguka bila hodi. Akaingia mwanamke mrefu wa koti jeupe, barakoa mpaka machoni, nywele za manjano mabegani. Viatu vyake vya sufi havikutoa sauti. Hakusalimu mtu. Alimfunua Savsan, akamgusa tumbo, kisha akamimina maji katika beseni. Taa ikayumba. 

"Mama," Savsan alinong'ona, "anataka kuliosha ini langu."

Mama akachomoa kisu. "Toka. Rudi ulikotoka."

Mgeni alirudi nyuma mpaka ukumbini. Nikamfuata na mkate wa chumvi mkononi, maana almasti hali chumvi.

"Wewe ni nani?"

"Daktari. Sikungoja kesho, maana homa ile itamuua, nanyi mnanitolea kisu. Haya, naondoka." Akachukua mkoba. Hakuondoka. "Hebu niambie, mgonjwa akinitazama anaona nini?"

Nikamwambia yote: nywele, barakoa, beseni, na yule mzazi wa kijiji cha juu. Akauweka mkoba chini polepole, kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Niazime mtandio," akasema.

Akafunga nywele, akavua barakoa, akaumega mkate wangu akala. Kisha akagonga mlango.

"Hodi, wenyewe. Asalaam alaikum, mama. Naitwa Farzona, binti wa Davlat mfuga nyuki, wa ng'ambo ya mto."

"Davlat kibogoyo?"

"Huyo huyo."

Mama alishusha kisu. "Na hizo nywele?"

"Rangi ya dukani, mama."

"Pesa za kuchezea unazo."

Farzona alikaa chini karibu na Savsan. "Yale maji ni ya kunawa mikono, dada, nisikuletee uchafu. Vijidudu vimeingia kwenye mji wa uzazi, ndiyo maana unatetemeka. Sindano hii itavipiga. Inauma kidogo. Kesho twende wote hospitali. Unaniruhusu?"

Savsan alinyoosha kidole, akamgusa shavu.

"Una joto," alisema. Ndipo akatoa mkono.

Savsan alirudi kutoka hospitali anatembea mwenyewe. Siku hizi daktari yeyote akija, Mama humuuliza jina lake na anataka kufanya nini, kabla hajagusa mtu. Wengine hununa. Mama hajali.

Siku ya arobaini tulipika pilau. Farzona akaja, akapiga hodi. Savsan alimpakatisha mtoto.

"Karibu, almasti wetu," Mama alimtania. Tukacheka wote, isipokuwa yeye.

"Kule kijiji cha juu," aliniambia kwa sauti ya chini, "mimi niliitwa mapema. Mama mkwe akanifukuza kwa shoka. Nikakasirika, nikaondoka na sindano yangu mkobani."

Nilimkumbuka yule mwanamke mrefu waliyemwona akitoka. Kumbe watu wa kule hawakusema uongo. Nilimmiminia chai, naye hakuinywa.