Tangazo kwa Mama Yake Emil

Pikiniki ya wachimba makaa ya mawe ilianza vizuri tu. Tulifika mapema kwenye bustani ile ya michezo, chini ya milima ya Pennsylvania, tukatandika kitambaa kwenye meza ya ukoo wetu na kupanga kabichi zilizofungiwa nyama. Wifi yangu Verna alikuwa akimenya mayai. Tangu Aprili, mwanawe Emil alipozama mtoni, alifanya kila kitu hivyo, kimyakimya, kama mgeni jikoni kwa watu. Mimi nami machozi yalikuwa yamenikauka. Rosalie, binti aliyembakia Verna, mwenye pengo la jino la mbele, alicheza chini ya meza.

Kipaza sauti kikakoroma.

"Mama yake Emil Hudak. Mwanao anakusubiri kwenye benchi la watoto waliopotea."

Meza nzima ikamgeukia Verna.

"Mhuni tu huyo," nilinong'ona. "Usimsikilize, wifi."

Verna akachukua yai jingine. Tangazo likarudiwa. Safari hii wakaongeza kwamba mtoto amevaa soksi moja.

Emil aliopolewa na soksi moja. Tuliojua tulikuwa wawili, mimi na Verna, na sote tulikuwa pale mezani.

"Nenda wewe," Verna alisema. "Mimi nikienda nitamfuata. Na nina mwingine wa kulea."

Nilikwenda. Benchi lilikuwa tupu. Mama wa zamu alikuwa akilamba aiskrimu. Siku ya pikiniki kila mtu pale ni ndugu wa mtu, na mtoto akimtambua nduguye, basi, huondoka naye.

"Umechelewa, mama," aliniambia. "Dada yake keshamchukua. Kasichana kazuri, kana pengo."

Nilirudi mbio. Chini ya meza hapakuwa na mtu.

Tulimkuta Rosalie kwenye bembea ya kuzunguka, juu ya farasi wa mbao. Anazunguka. Mkono wa kushoto ameunyosha kwa farasi wa pembeni. Farasi yule hana mtu. Vidole vimekunjwa, kama vimeshika mkono wa mtu. Verna alimshusha, akamkumbatia.

"Alitaka twende wote," Rosalie alinong'ona. "Nikamwambia mpaka mama aseme."

Mkono ule haukupata joto tena. Daktari aliuchoma sindano, Rosalie akamtazama tu.

Kila jioni Verna huuweka shavuni mwake, mpaka mtoto asinzie. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamwomba auache.

"Niache, wifi," alisema. "Namshika Emil."